Je, Ni Halali Kufurahia Majani Yaangukayo?

Mtu akitafuta katika kamusi neno la Kiswahili la majira yale ambayo miti ya Ulaya hupukutisha majani, hupewa neno vuli. Kwa hesabu ya miezi neno hilo halina kosa, kwa maana miezi ni ile ile, tangu mwisho wa Septemba hata Desemba. Lakini kwa habari ya jambo lenyewe, kamusi yatuambia kinyume. Vuli kwetu ni mvua ya muda mfupi. Ni wakati ambapo mavumbi hutulia, maharagwe hupandwa, na mtu akitoka nje asubuhi husikia harufu ya udongo uliolowa. Vuli yetu huivika nchi nguo. Vuli ya Ulaya huivua. Basi mtu aliyezaliwa Uchagani, akikaa miezi hiyo katika mji wa Ulaya, huwa na vuli mbili moyoni mwake kwa wakati mmoja, moja anayoiona na moja anayoikumbuka, nazo hazipatani.

Mimi nakaa sasa Leipzig, upande wa mashariki wa Ujerumani, nimetumwa kwa miezi michache kwa ajili ya urafiki uliopo kati ya makanisa yetu. Jina la Leipzig si geni kwa wasomaji, kwa kuwa wamisionari waliotumwa kutoka mji huu walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Walakini habari za misheni sizo nilizokusudia kuandika. Nataka kuuliza swali dogo ambalo limekuwa kubwa mikononi mwangu: mtu mzima, mwenye kazi na mwenye watu wamtazamao, ana haki gani ya kufurahia vitu vidogo visivyomletea faida yo yote, hasa ikiwa wenziwe wako katika shida?

Yanipasa kwanza kuwaeleza vitu hivyo ni vipi, msije mkadhani nasema habari za ngoma na vileo. Nianze na mwanga. Kwetu, karibu na ikweta, jua halina hila: hukaa nasi saa kumi na mbili hivi, kisha huenda zake, mwaka mzima. Leipzig iko mbali kaskazini, kiasi cha digrii 51, na jua la hapa ni kama kibarua anayepunguziwa kazi siku kwa siku. Mwisho wa Septemba mchana na usiku hulingana; mwisho wa Novemba jua huchwa yapata saa kumi, wakati ambapo mama zetu nyumbani ndiyo kwanza wanarudi na mzigo wa majani ya ng'ombe. Tena katika miezi hiyo jua halipandi juu ya kichwa. Hupita chini chini, likipiga kuta za nyumba kwa ubavu, na ukuta mbovu wa matofali huonekana kama umepakwa asali. Jambo hili hudumu dakika chache tu. Wenyeji walijua. Nimewaona wakisimama barabarani na mizigo yao, wakigeuza uso kulielekea jua na kufumba macho, kisha huendelea na safari pasipo kusema neno.

Hesabu yetu ya saa, ambayo huanza jua linapochomoza, hapa haifai kitu. Mwisho wa Novemba, saa moja ya asubuhi, jua lenyewe halijatokea. Na Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zote za nchi hurudishwa nyuma kwa saa moja. Nililala, nikaamka nimeongezewa saa nzima ambayo sikuitolea jasho, nami nilifurahi kama mtoto aliyeongezewa nyama.

Halafu majani. Wenye elimu ya mimea wameeleza jambo hili vizuri. Ndani ya jani mna kitu cha kijani kiitwacho klorofili, ambacho kwacho jani hutengeneza chakula kwa nguvu ya jua. Mwanga upunguapo na baridi ianzapo, mti huivunja klorofili hiyo na kuvuta vilivyo vizuri ndani ya matawi yake, visipotee. Hapo rangi ya manjano, ambayo ilikuwamo tangu mwanzo lakini ikifunikwa na kijani, hutokea. Nyekundu si hivyo. Hiyo hutengenezwa upya katika siku za mwisho za jani. Kisha mti hujenga ukuta mwembamba kwenye kikonyo, na jani huanguka wala halimwachii mti kidonda. Wahubiri wenzangu watashawishika kutoa hotuba hapa, nawasihi wangoje. Jani ni jani. Mimi nilipoyajua hayo sikupata funzo lo lote, ila nilipenda kutazama zaidi.

Mji huu una msitu ndani yake, ufuatao mito ya Weiße Elster na Pleiße, na mtu aweza kutoka kwenye maduka akawa chini ya mialoni kwa mwendo mfupi wa miguu. Kando ya barabara uko mti mwingine uangushao kokwa kubwa za rangi ya kahawia, zing'aazo kama mbao iliyosuguliwa kwa mafuta. Hazilikwi, kwa maana zina sumu. Hata hivyo watoto huzijaza mifukoni, na watu wazima pia. Nimemwona mzee mwenye suti akiinama, akaokota moja, akaipapasa kwa kidole gumba, akaitia katika koti. Ziko pia tramu zipitazo jioni na madirisha yenye nuru, na harufu ya mkate itokayo kwa waokaji alfajiri, na kwaya ya wavulana ya kanisa la Mtakatifu Thomas, ambayo asili yake ni mwaka 1212, iimbayo Ijumaa jioni na Jumamosi alasiri, na mwenye kiingilio kidogo akaingia. Katika kanisa hilo Johann Sebastian Bach aliongoza uimbaji tangu 1723 hata kufa kwake mwaka 1750. Na tarehe 9 Oktoba mji huwasha mishumaa, kwa kuukumbuka usiku ule wa mwaka 1989 ambapo watu kama 70,000 walitembea katika barabara kuu izungukayo mji, wakiipinga serikali ya siku zile, wala risasi haikupigwa. Bila shaka walikanyaga majani kama haya.

Basi, nikiwa katika hali hiyo nilimwandikia mwinjilisti mmoja wa usharika wetu, rafiki yangu wa miaka mingi, nikamsimulia habari za mwanga na majani. Jibu lake lilikuwa fupi. "Baba Mchungaji, twashukuru kusikia kwamba u mzima. Sisi huku twatazama mbingu. Maharagwe yaliota, yakakauka. Hayo majani unayoyasifu, yaliwa?"

Hakuandika kwa uchungu. Namfahamu, ni mtu wa mzaha. Lakini mzaha wa mtu ambaye shamba lake limekauka una mfupa ndani yake, na mfupa huo nimeutafuna kwa siku nyingi.

Yako majibu mawili ya haraka, nami siyapendi yote mawili. La kwanza husema: kila raha ya mtu mmoja, wakati mwenzake ana dhiki, ni wizi; basi inamisha kichwa, pita barabarani usitazame juu, mpaka watu wote wapate. Jibu hili lina heshima, tena wako watu wema waliolifuata maisha yao yote. Lakini nauliza, nikiacha kutazama ukuta wenye jua, ni jani gani la maharagwe litakalochipuka Kilimanjaro? Chakula nikimnyima mtu, yeye hupungukiwa; mwanga nikiutazama, hapana aliyepungukiwa. Tena nimeona kwamba mtu ajinyimaye furaha zote huanza kudai malipo kwa wengine. Huwa mkali nyumbani. Huhesabu vicheko vya watoto. Wazee wa namna hiyo tunao katika sharika zetu, wala sioni kwamba maskini wamekula zaidi kwa sababu ya sura zao.

Jibu la pili ni lile lililoandikwa kwenye kanga za mama zetu: raha jipe mwenyewe. Mwanamke aliyechoka kungoja shukrani za mume akijifunga kanga hiyo, simlaumu. Lakini msemo huo ukiwa ndio kanuni ya mtu mwenye nafasi, humfikisha mahali ambapo hasikii tena hodi mlangoni.

Nimeona kwamba lugha yetu yaweza kutusaidia kidogo. Twasema anasa, twasema starehe, twasema furaha, wala si jambo moja lililovaa nguo tatu. Anasa hutaka kuongezwa, tena hutaka kuonwa na jirani; mwenye saa ya dhahabu akiwa peke yake chumbani hana saa ya dhahabu. Starehe hutaka kuachwa; mwenye kustarehe husema, msinisumbue. Lakini ile furaha ya ukuta wenye jua haitaki jirani aione wala haikatazi kusumbuliwa. Mtu akiniita nami nikageuka, mwanga haukudhulumiwa, wala mimi sikukasirika. Kwa hiyo kipimo changu, kwa sasa, ni hiki: furaha hii yaweza kukatizwa na mtu mwenye shida, nami nisimwonee chuki? Ikiwa yaweza, naiona ni halali. Ikiwa nitamfungia mlango kwa ajili yake, basi imekwisha kuwa kitu kingine, hata kama ni kikombe kimoja cha chai.

Kipimo hicho hata hivyo hakitoshi, na mji wenyewe ndio ulionifundisha hivyo. Kitu kuwa kidogo si kusema hakina damu. Zamani Leipzig ilisifiwa kwa kitoweo cha ndege mdogo aimbaye akipanda juu angani kutoka mashambani; Wajerumani humwita Lerche. Katika miezi hii hii ya vuli, ndege hao walinaswa kwa nyavu, wakaokwa, wakaliwa hapa na kupelekwa nchi nyingine, maelfu kwa maelfu, mpaka mwaka 1876 mfalme wa Saxony alipopiga marufuku uwindaji wao. Waokaji wa mikate wakafanya nini? Wakatengeneza kikeki kidogo chenye lozi ndani, wakakiita kwa jina lile lile la ndege. Juu yake wameweka vipande viwili vya unga vilivyopishana, mfano wa uzi uliomfunga ndege tumboni. Nimekila. Ni kitamu. Nao walaji hawakupata hasara yo yote niionayo, ila ndege wamepata uhai wao. Nimejifunza hapo kwamba raha yaweza kubadilishwa vitu vilivyomo ndani yake, na jina likabaki, na watu wakaendelea kufurahi. Wale wasemao kwamba dunia ikitenda haki hapatakuwa na utamu, waende wakanunue kikeki hicho.

Lakini kahawa ni habari ndefu zaidi, nayo yatuhusu. Hakuna kitu kinachopendwa hapa katika alasiri ya baridi kuliko kahawa, na si tangu jana. Karibu na mwaka 1734 Bach alitunga wimbo wa kuchekesha juu ya binti asiyeweza kuacha kahawa ijapokuwa baba yake amemkataza, nao unahusishwa na nyumba ya kahawa ya Zimmermann, ambako yeye na wanamuziki wake walikuwa wakipiga. (Nyumba hiyo iliharibiwa na mabomu mwaka 1943.) Wenye kudhani kwamba Bach alijua majonzi tu na wausikilize wimbo huo.

Sasa sikilizeni lililotokea baadaye. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, na bei ikapanda duniani kote. Leipzig wakati huo ilikuwa katika ile Ujerumani ya Mashariki ya Kikomunisti, ambayo fedha zake hazikupokelewa nje. Serikali ikakosa njia ya kununua kahawa ya kutosha. Mwaka 1977 ikawauzia watu mchanganyiko ambao kahawa ilikuwa asilimia 51 tu, na kilichosalia ni unga wa vitu vingine, kama nafaka na njegere. Watu waliokuwa wamevumilia mambo mengi hawakulivumilia hili. Barua za malalamiko zilimiminika, na mchanganyiko ule haukudumu. Nilipoyasoma hayo nilifikiri, huenda mtu anaponyimwa jambo kubwa hujifariji kwa dogo, na akinyang'anywa hata lile dogo, ndipo ajuapo kwamba amenyang'anywa. Hivyo msiidharau furaha ndogo mkisema si kitu. Watawala waliojua kazi yao hawakuidharau.

Ila hadithi haikuishia hapo. Ili kikombe kijae tena, mwaka ule ule wa 1977 serikali hiyo ilifanya mapatano na watawala wa Uhabeshi kupata kahawa kwa kuwapelekea silaha, na Uhabeshi ilikuwa vitani. Mama wa Leipzig aliyemimina kahawa yake alasiri ya Novemba, na majani yakianguka dirishani, hakujua hayo, wala sisemi ana hatia. Nasema tu kwamba furaha yake ilikuwa safi, tena haikuwa safi. Mimi sioni njia ya kulifanya neno hilo kuwa jepesi.

Kahawa ya kwetu hutoka kwa njia nzuri zaidi kuliko hiyo, na wazee wetu walijua kujikusanya. Chama cha ushirika cha KNCU kiliundwa mwaka 1933. Hata hivyo Oktoba, wakati wenyeji wa hapa wakiketi na vikombe vyao, ndio wakati ambapo watu wetu wamo shambani na vikapu, wakichuma. Watu wa pwani hunywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo, wakaongea mpaka usiku. Lakini wangapi kati ya wakulima wetu wa mlimani wamewahi kuonja vizuri kile wakilimacho? Wengi huuza zote, wakanywa chai. Nilipoonja hapa kahawa iliyoandikwa jina la Kilimanjaro kwenye mfuko, niliona fahari, na papo hapo nikaona haya, kwa maana mama yangu aliyechuma kahawa maisha yake yote hakuwahi kupewa kikombe kama kile. Hilo lanisumbua kuliko swali la majani.

Na hapa mjini penyewe wako wale ambao kwao vuli ni tishio tupu. Usiku unapoanza kuwa na baridi ya kuganda, mtu alalaye nje hatazami rangi za miti. Nimewaona pia wazee, wake kwa waume, wenye mavazi safi, wakimulika ndani ya mapipa ya taka kwa tochi. Wanatafuta chupa. Sheria ya nchi huagiza kwamba anunuaye kinywaji katika chupa ya plastiki alipe amana ya senti 25 za Yuro, naye akiirudisha chupa hurudishiwa. Wengine hawazirudishi, na maskini huziokota. Baadhi ya watu, waonapo aibu ya mzee kupekua pipa, huiweka chupa yao kando ya pipa, imesimama wima, apate kuichukua bila kuchafua mikono. Ni adabu ndogo, isiyo na jina. Sijui niite ni huruma au ni njia ya kujituliza dhamiri. Labda ni zote mbili. Mimi nami huiweka kando.

Mithali yetu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikupewa jembe, nilipewa reki. Bibi mmoja mjane wa usharika huu ana bustani katika zile bustani ndogo za wenyeji wa mji, ambazo huitwa kwa jina la tabibu Schreber wa Leipzig. Chama cha kwanza chenye jina lake kiliundwa hapa katika miaka ya 1860, kwanza kwa ajili ya uwanja wa watoto kucheza, na bustani zikafuata. Sheria ya sasa husema bustani isizidi mita za mraba 400. Yake ni ndogo zaidi, na ndani yake mna mitofaa, viazi, kabichi na maua, na kibanda cha kuwekea zana. Nilikusanya majani pamoja naye siku tatu. Yeye huyarundika pembeni, akayatia maji kidogo na mabaki ya jikoni, akayaacha kwa mwaka mmoja au zaidi, mpaka yawe mboji nyeusi. Hakuzungumza sana. Mara moja aliniita, "Mchungaji, njoo," akanionyesha ndege mdogo mwenye kifua chekundu aliyesimama juu ya mpini wa jembe. Tukasimama tukamtazama, mimi na reki, yeye na ndoo. Kisha akasema viazi havitajichimba vyenyewe.

Hivyo nilipomjibu yule mwinjilisti, nilimwandikia kwamba majani hayo yaliwa, ila na minyoo kwanza, na kwa mwaka wa pili bibi mmoja hula viazi vyake. Nikamwambia pia yale ya kahawa, tena nikampa shauri kwamba kabla ya kuuza mavuno ya mwaka huu, wachache wetu tuweke debe moja tu, tuikaange na kuisaga wenyewe, wakulima waionje baada ya ibada. Nikamwekea na picha ya zile kokwa ziking'aa katika kiganja changu.

Shauri la debe amelipokea, ingawa ataka kwanza kuuliza wazee wa kanisa, maana debe ni fedha. Juu ya kokwa, mtoto wake mdogo ataka moja. Nimemweleza kwamba mbegu za nchi nyingine haziingizwi kwetu bila kibali, hivyo mtoto na aridhike na picha. Mvua, asema, bado.